Tiketi ya Eilif

Kila Jumamosi, nikikaribia kufunga,
Eilif Nesbakk aliingia dukani mwangu,
akapangusa theluji mabegani, akasema: "Zile zile."
Namba saba, zile zile, miaka ishirini na sita:
tarehe ya kuzaliwa mama yake, usajili wa boti aliyoiuza,
umri wa mbwa wake siku alipokufa.
Hakuthubutu kuzibadili,
"maana nikiziacha tu, wiki hiyo hiyo zitatoka."

Kana kwamba ile mipira
inayorukaruka ndani ya tungi la kioo huko Oslo
inaweka daftari la madeni.

Mlima unaonekana wote dirishani pangu.
Una ufa begani; kanisa letu
lingelala humo mara kumi na nafasi ibaki.
Mtaalamu, Sunniva, ameutundikia nyaya na vioo
kama mgonjwa aliyelazwa.
Siku moja, akinunua betri, nikamuuliza:
kwa mwaka, uwezekano ni upi?
"Mmoja kwa mia," akasema. "Pengine zaidi."
Alisema kwa upole, kama anayetaja bei ya mkate.

King'ora kimelia mara nane. Mara nane tumebeba
paka, dawa, picha za arusi, cherehani ya Gudveig,
tukalala kwenye ukumbi wa shule ng'ambo ya maji,
tukarudi, tukakuta vikombe pale pale mezani,
maziwa yameganda,
mlima unatutazama.

Mara ya tisa Eilif hakutoka.
"Lisemwalo lipo," nikamwambia.
"Kama halipo, laja," akamalizia. "Basi lije.
Mimi nimelingoja vya kutosha."

Zile mara nane alizihesabu kama matofali:
akajenga ukuta, akaketi nyuma yake.
Lakini wiki za kukosa, elfu moja na mia tatu na ushei,
alizipanga kama vidato: kila kukosa
kidato kimoja juu.
Kutotokea ni kule kule.
Huku ukuta, huku ngazi.

Nisijitie ujuzi.
Dada yangu alipoolewa Tromsø nilikataa kupanda ndege,
kwa sababu gazeti lilikuwa na picha:
kiatu cha mtoto, kimoja, kwenye nyasi.
Nikaendesha gari siku mbili juu ya barafu,
mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye karanga,
moyo umetulia tuli.
Sunniva ana namba. Namba haina kiatu.

Januari, Jumanne, asubuhi bado giza,
Eilif alitoka kuchukua gazeti.
Ngazi tatu tu mbele ya mlango,
na barafu nyembamba kama ngozi ya ndani ya yai.
Mfuko wa changarawe niliomuuzia Novemba
uliegemea ukuta, haujafunguliwa.
Hakuna king'ora kilicholia.
Hakuna aliyewahi kuitundikia nyaya ngazi ile.

Mlima bado upo. Juzi uliangusha jiwe,
mbuzi wakainua vichwa,
wakarudi kula.

Bintiye, Oddrun, aliikuta tiketi kwenye koti,
akaniletea. "Niangalizie," akasema,
akatoka kabla sijawasha mashine.
Ni kazi ya sekunde mbili. Nami hesabu naijua,
nimeuza karatasi hizi nusu ya umri wangu:
ni rahisi zaidi mlima kuanguka usiku huu,
nikiwa nimeshika ufagio, kuliko namba zile kutoka.

Wiki ya tano sasa imelala chini ya sarafu.
Oddrun haulizi. Mimi sisemi.
Usiku mawe yakisaga meno kule juu,
sikimbilii viatu.
Natia mkono kwenye droo, gizani,
naipapasa kama ipo.